Goti la Mpagazi

Nimeona treni ikiingia stesheni ya Tabora tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na sijawahi kuishangaa. Lakini siku Mpagazi, roboti wetu, alipoondoka peke yake sakafuni, bila mtu kumgusa, akaenda mpaka ukutani na kugeuka, mwili wote ulinisisimka. Chuma kile tulikifunga sisi wenyewe, wasichana wa kidato cha tatu, na miguu yake ya mbele, yenye magurudumu, ilijikunja kwa bawaba za dirisha bovu.

Jina la Mpagazi lilitokana na mashindano. Roboti wa kila shule alitakiwa kubeba bakuli la maji kwenye njia ya mbao iliyoigiza ile ya misafara ya zamani, apande vilima, avuke mchanga, kisha atue mzigo mbele ya jaji bila kumwaga. Raundi zilikuwa tatu: Igunga, Nzega, na ya mwisho hapa Tabora. Mkuu wa shule alishatuambia kwamba tukizimaliza zote bila kufikisha maji, chumba chetu cha roboti kinarudi kuwa stoo ya majembe.

Igunga tuliponzwa na adabu. Nyamizi, mtoto wa kijiji cha Kwihara, ndiye aliyeandika programu, na alikuwa amemfundisha Mpagazi kupiga goti kila akiona mtu mbele yake. Kwao binti hamsalimii mkubwa akiwa wima, naye aliona haya kuunda kiumbe asiye na malezi. Basi jaji mkuu, Bi Mwanajuma, alipopita karibu na kilima cha pili, Mpagazi alisimama, akakunja miguu, na maji yote yakamwagikia viatu vya mama wa watu. Tulitolewa kwenye raundi hiyo palepale. Ukumbi ulicheka, na mimi nilikasirika hata sikumsemesha Nyamizi njia nzima ya kurudi.

"Futa hilo goti," nilimwambia kesho yake.

"Nimeshafuta, Asnath," akajibu bila kuinua macho.

Nzega, Mpagazi alifika mwisho wa njia, wima kama askari wa gwaride, akaliachia bakuli kutoka juu. Lilidunda, likapinduka, na maji yakaishia sakafuni.

Tulirudi chumbani kwetu tumenuniana. Nyamizi alimtazama Mpagazi, halafu akaniuliza, "Wewe ukimpelekea babu yako maji, unayawekaje?"

"Napiga goti, nayaweka."

"Unaanza na goti?"

"Sasa nitayaweka nimesimama, nimmwagie mzee wa watu?"

Nilijisikia ninavyosema. Kisha sote wawili tuliikimbilia kompyuta, tukagongana vichwa.

Nyamizi alilirudisha goti, ila safari hii Mpagazi angelipiga akishavuka mstari mweusi wa mwisho tu.

Siku ya Tabora ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mpagazi alipanda kilima cha kwanza, akapanda cha pili, maji yakichezacheza ukingoni mwa bakuli. Kwenye mchanga gurudumu moja lilianza kuzunguka bure, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amejinasua, anakuja. Mbele yake alikaa Bi Mwanajuma na kopo lake la kupimia, miguu ameirudisha nyuma kabisa chini ya kiti.

Mpagazi alivuka mstari mweusi, akasimama. Alikunja mguu mmoja, akakunja wa pili, taratibu, akalishusha bakuli mpaka likagusa sakafu, ndipo akaliachia. Halikuanguka hata tone. Mimi niliyezifunga bawaba zile kwa mikono yangu nilimtazama kama mtu nisiyemjua, na machozi yakanilenga.

"Marahaba," akasema Bi Mwanajuma.

Aliitikia kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani, na mkono wake ulikuwa umeshamgusa Mpagazi kichwani. Kisha akashtuka, akatazama huku na huku, akachukua kopo apime maji. Nyamizi alikuwa analia bila kujificha. Nilimshika mkono tukasubiri kipimo, ingawa moyoni nilishajua majembe yatatafutiwa chumba kingine.