Rangi Nyekundu ya Sunaina

"Nyumba thelathini na moja, na hakuna hata mwanamke mmoja anayepigwa?" msimamizi alimkaripia Sunaina asubuhi ile. "Unajaza fomu za utafiti mwenyewe, unadhani mimi mjinga? Niletee 'hapana' nyingine leo, uone kama kesho una kazi."

Hakuwa amejaza mwenyewe. Alikuwa ameuliza mlango kwa mlango katika vijiji vile vya Bihar, na ndivyo alivyojibiwa. Uongo wake ulikuwa mwingine. Sunaina alikuwa mjane, na wiki ya kwanza watu walimfungia milango kama nuksi. Ndipo alipojipaka kwenye njia ya nywele ile rangi nyekundu ya wenye waume, akavaa na bangili, na milango ikafunguka.

Hata wa Budhni Devi ulifunguka siku ile, ingawa kwa shingo upande. Bibi huyo alijibwaga kati ya Sunaina na mkwewe, Lalmuni, kana kwamba ndiye anayehojiwa.

"Mumeo amewahi kukupiga?"

"Hapana," alisema Lalmuni, akivuta mtandio ufunike jicho lililovimba.

"Umesikia? Andika uondoke!" Budhni alifoka. "Na huyo mumeo anayekuacha uzurure kuuliza upuuzi, ni nani?"

"Dinesh Mahto," Sunaina alijibu huku akiandika.

Kalamu ikamganda mkononi. Kule mke halitamki jina la mumewe hata abanwe vipi, asije akampunguzia umri. Atasema baba wa fulani. Sunaina alikuwa amelitamka miaka mitatu kwenye madirisha ya ofisi, akifuatilia cheti cha kifo, mpaka ulimi ukazoea.

"Mjane!" Budhni aliruka. "Mla mume we! Umejipaka rangi uje kumletea mwanangu mkosi? Ngoja nilete maji, leo utanijua!" Akakimbilia pampu ya nyuma.

Sunaina alikusanya karatasi. Lalmuni akamdaka mkono.

"Kweli dada, huna mume?"

"Sina."

"Basi futa hiyo 'hapana'. Andika ndiyo, kila wiki. Ungekuwa na mume ungemsimulia, naye angemsimulia wangu kwenye kibanda cha chai, halafu mimi ningekoma."

Ndoo nzima ya maji ilimmwagikia Sunaina mlangoni, fomu ameikumbatia kifuani. Nyumba thelathini na moja zilimfungulia kwa sababu ya ile rangi, na kwa sababu hiyohiyo zikamficha ukweli. Alijichukia.

Barabarani aliifuta rangi kwa kiganja, akavua bangili, akarudi nyumba ya kwanza kati ya zile thelathini na moja. Mlango ulifunguliwa, akatazamwa kichwani, ukabamizwa. Akabisha tena.