Kilele Kilichokataa Kuanguka

"Mwambieni Profesa aje na kalamu ya kusaini!" Vukašin alitangaza kwenye korido nzima ya ghorofa ya pili. "Leza mliyoibembeleza miezi mitatu, mimi nimeitia adabu kwa asubuhi moja."

Kwenye skrini kilele cha ishara kilikuwa kimesimama kama jogoo. Maana yake, alivyosema yeye, atomi za argoni zilizosisimka ndani ya plasma, ile gesi inayong'aa kwenye bomba la kioo, zilikuwa zinaunywa mwanga wa leza na kuutema. Pale Belgrade mwenye furaha ndiye anayelisha wenzake, basi akakimbia dukani akarudi na trei mbili za bureki, vitafunio vya unga vilivyojazwa jibini. Furaha yenyewe haikuwa ndogo: bila ishara, saa sita mchana leza ingehamia kwa mwanafunzi mwenzake Zorica, na tasnifu yake ingelala miezi sita.

"Bureki kabla hujazima plasma?" Zorica alimtania, huku akijikatia kipande kikubwa. "Una imani, ndugu yangu."

"Kula, dada, usije ukapaliwa na wivu."

Hata hivyo neno lilimchoma. Akarudi maabara, akafunga mlango, akazima plasma. Mng'ao wa zambarau ukafa. Sasa hakukuwa na atomi yoyote iliyosisimka, kwa hiyo kilele nacho kilipaswa kuanguka.

Hakikuanguka.

"Anguka basi! Anguka, nakuomba!"

Wapi. Kumbe muda wote alikuwa anapima mwanga wa leza yenyewe, unaogonga kioo na kurudi. Akakimwagia kilele matusi, kisha akawasha plasma upesi upesi, maana viatu vya Profesa Tihomir vilishasikika nje.

Profesa aliingia midomo inang'aa mafuta ya bureki. "Hongera, kijana. Ulizima?"

"Nilizima, Profesa."

"Ishara ikawaje?"

"Ikatoweka. Kabisa."

"Basi Zorica atasubiri. Leza ni yako wiki mbili zaidi."

Chini ya meza ya leza spana ikaanguka. Akatoka fundi Desanka, nywele zimejaa vumbi. Alikuwa amelala chali huko tangu saa mbili, akikaza mpira wa maji ya kupoozea.

"Vukašin, mwanangu," alisema akijifuta mikono, "hiyo iliyotoweka ni ipi? Ile uliyokuwa unaiomba ianguke ilikataa, mpaka ukaitukania mama yake."