Bunduki ya Mama Buti

…na anacheka tena, huyo Mama Buti, kicheko cha kifuani, na mume wangu anamfuatisha, yeye ambaye mimi nikimchekesha husema ngoja kwanza nimalize kazi, haya, cheka baba, kazi si ninayo mimi huku nyuma, patasi mkononi, bunduki ya mwenyewe nimeivua nguo zote, mbao imebanwa kwenye jiliwa, chuma kimelala juu ya kitambaa, na mlango uko wazi nusu, wangeufunga ningejua moja, wangeufungua wote ningejua moja, nusu hii ndiyo inayonimaliza… mimi si mtu wa wivu, niseme kabisa, mimi nina macho tu, niliona siku ile ya kwanza alivyoingia na buti zake za magotini na bunduki ya marehemu baba yake begani, akailaza mezani kama mtu anayelaza mtoto, akasema fundi, risasi za hii hazipatikani tena, nimezunguka maduka mpaka nimechoka, zinazouzwa siku hizi ni ndefu kuliko tumbo lake, huwezi kulirefusha ikazimeza? na mimi nilikuwa na ufagio mkononi nikacheka moyoni, maana jibu nalijua, kaka yangu wa tumbo moja, shemeji wa halali wa mume wangu, alileta bunduki ya aina hiyo hiyo na ombi hilo hilo, akajibiwa hapo mlangoni hata kiti hajapewa, bunduki ya zamani hairefushwi shemeji, nikila chuma kidogo tu cha ziada nitakuwa nimekuchimbia kaburi, kaiuze, na kaka akanuna, na kununa kwake ananinunia mimi mpaka leo… lakini kwa Mama Buti mume wangu alivuta komeo la bunduki, akalirudisha, akalivuta tena huku ameinamisha kichwa akilisikiliza, halafu akasema tutajaribu, dada. Tutajaribu! Dada! Undugu huo ulianza lini na mimi sikualikwa?

Napitisha kibatari chini ya chuma, masizi yanashika, nakilaza chuma ndani ya mbao, nakibonyeza, nakitoa, palipobaki weusi ndipo palipogusana, hapo ndipo nakwangua, kidogo, kidogo tena, hivi ndivyo alivyonifundisha mwenyewe tulipooana, amesimama nyuma yangu, kidevu begani kwangu, usiipe mbao haraka, alisema, mbao ikikasirika hairudi, na siku hizo nilidhani anazungumzia mbao tu… chuma kazi yake, mbao kazi yangu, ndivyo tulivyogawana, ila taa ni yangu siku zote, nishikie taa mama, sogeza, juu kidogo, hapo hapo, miaka yote mimi ni mshika taa wake, mkono ukifa ganzi nabadilisha mkono, lakini kwa bunduki hii hajaniita, alijifungia humu peke yake na tupa yake, nikaisikia tu ikikwaruza, kazi ya Mama Buti ina heshima yake bwana, haishikiwi taa na mke, na chai ya leo kampikia kwa mkono wake, katoa vikombe vya wageni, nimeona nilipopita kuchukua msasa, nusu ya chai iko kwenye kisahani, mtu mzima anamwaga kama kijana aliyepeleka posa… mimi chai ameniwekea lini? Na juzi nimevaa gauni langu la kijani, ananiambia umependeza na hilo jipya, jipya, gauni ambalo alininunulia yeye mwenyewe na limeshapauka mabegani, nikajua hapo kwamba mume huyu hanitazami tena, ananipitia tu kama kabati.

"…Ijumaa basi," anasema mume wangu huko mbele, "utakwenda nayo uwanja wa shabaha, utaipiga mwenyewe, utaniambia," na Mama Buti anasema jambo kwa sauti ya chini, sikulipata, yanini sauti ya chini mchana kweupe… nageuza chuma nikipake masizi upande wa ndani, kidole gumba kinapita pale mbele, kwenye ule mteremko unaoipandisha risasi kwenda chemba, inapolipukia, amelazimika kuukata ili risasi ndefu zipite, najua, kila mara anaanza kwa kujichorea mstari kwa msumari, mwembamba kama mkwaruzo wa paka, tupa inasimama hapo, hata ukimwita chakula kinapoa, hata nyumba ingewaka, tupa haivuki mstari… na mstari sioni. Nageukia dirishani. Sioni. Nayasugua masizi kwa upindo wa kanga, nauinamia mteremko, hamna, tupa imeula mstari na ikaendelea, na nyuma yake kile kijiukuta, ambacho jino la chini la komeo linakiegemea risasi inapolipuka, kimebaki chembamba kama ukingo wa kikombe, nakigusa kwa ukucha, hiki hakitahimili, labda mara ya kwanza, labda mbili, halafu komeo lote linarudi nyuma, na nyuma ndiko kuliko shavu la mpigaji… ah, sasa nimejua, alikuwa anakata chuma huku mawazo yake yako kwenye buti, mimi sijawahi kumvusha mstari hata siku ya harusi yetu, alimaliza bunduki ya watu kwanza ndipo akaja kuoa, na huyu kwa kicheko tu kamvusha… na wazo linaingia, sikulikaribisha, limeingia kwa ule mlango wa nusu, kwamba chuma kikishalala ndani ya mbao yangu pale hapaonekani tena, nikwangue, nipake mafuta, nikaze parafujo, nimkabidhi dada huyo bunduki yake inang'aa, nenda Ijumaa dada, weka shavu… na nimeshika parafujo kweli, ninayo hapa, mkono huu ni wangu, umeokota lini parafujo?

"Kwa hiyo hujamwambia," anasema Mama Buti, sasa nasikia vizuri, na mume wangu, "bado," na yeye, "utamficha mpaka lini, fundi? Mwanamke anayelala kitanda kimoja na wewe," na mimi nimesimama, ndilo hilo, limefika, kila mwanamke huliwaza lakini hakuna anayejua litamkuta amesimama wapi, mimi limenikuta na masizi mpaka kwenye viwiko, basi semeni, maliza baba… "Nikimwambia atanihurumia," anasema, "mimi huruma yake siiwezi, dada. Atafunga karakana kesho asubuhi. Atanishika mkono njiani." Mkono njiani? "Na daktari kasemaje?" "Jicho la kushoto ndilo limekwisha. La kulia amesema nilitunze tu, lakini naona ukungu humu humu ndani. Watu nawajua kwa sauti." Na Mama Buti anasema taratibu, "Mimi nilikujua siku ile ile. Risasi uliisoma kwa kidole. Mama yangu alianza hivyo hivyo." Kijiko kinagonga kikombe, kinakikosa, kinagonga tena.

Risasi kwa kidole… komeo analisikiliza badala ya kulitazama, chai kwenye kisahani, gauni la kijani Mungu wangu, aliliona rangi gani, na taa, taa hakunitaka kwa sababu ingemsaidia nini taa, mimi ndiye ningeona, ningemwona anapapasa, kwa hiyo kajifungia na tupa akakata kwa kukumbuka, mstari alijichorea mwenyewe halafu hakuuona, na hajui, anasema Ijumaa kwa amani kabisa, hajui… na kwa kaka yangu alikataa kwa sababu alikuwa anaona, na hii aliikubali ili ajue kama bado yeye ni fundi, si buti, wala si kicheko… ningepumua basi, si ndiyo, hakuna mwanamke mwingine, ningepaswa kukaa chini nikacheka, mbona roho inaniuma kuliko dakika ile, ningemsamehe kitanda kwa urahisi zaidi, nasema ukweli, kitanda watu hupeana kwa upumbavu tu, lakini hofu yake, ile yake ya ndani kabisa, alitakiwa anipe mimi, mimi niliyemshikia taa mpaka bega likateguka, na ameichukua akampa mgeni kwenye kikombe cha wageni, na mgeni kaipokea vizuri, hilo ndilo linaloniua, kaipokea vizuri kuliko ambavyo ningeipokea mimi, kwa sababu ni kweli, ningefunga karakana asubuhi, ningemshika mkono njiani… parafujo naiweka chini. Inalia kwenye meza. Kijiukuta kile nakigusa tena, bado chembamba, hakijanenepa kwa kuwa mimi nimejua mambo, na bunduki hii haitoki humu, si Ijumaa wala siku yoyote, hilo nitalisema mbele ya wote wawili, nitakishika kidole gumba chake nikiweke hapa ulipokuwa mstari, ajue mwenyewe kwa mkono wake, na huyo dada yake asimame hapo aone, bunduki ni ya baba yake, shavu ni lake… halafu ya chai tutazungumza baadaye, chai sijaisamehe.

"Vipi huko, mama, imekaa?" anaita, sauti ya kila siku, sauti ya kazi. "Bado," nasema, na sauti yangu nayo inatoka ya kila siku, sijui nimeitoa wapi. "Njoo unishikie taa."

Kicheko hakipo tena. Kiti kinasogea, halafu mkwaruzo mwepesi ukutani, unakuja, unakuja, ni vidole vyake vinafuata mbao kutafuta mlango, na sauti hiyo naijua, nimeisikia asubuhi nyingi nikidhani ni panya, mimi, mwenye macho.