Fyandolo Kwenye Ngazi

Nyani haoni kundule, na mume wa fundi cherehani alikuwa nyani wa kutosha. Kila Jumatano alikaa mbele ya redio akimcheka Fyandolo, yule jamaa wa kwenye mchezo anayeshika kona ya kabati bila kuinua, kisha anaguna kuliko wabebaji wote: "Polepole, mgongo wa mtu huu!"

Mchezo ulikuwa na miaka miwili. Mwandishi wake alikuwa fundi mwenyewe, aliyeuandika nyuma ya karatasi za kukatia vitambaa, na jina la Fyandolo lilikwisha toroka redioni. Walimu walikemea ufyandolo darasani. Wauguzi walikatazana ufyandolo wodini. Mume ndiye aliyelitumia kuliko wote, na fundi alicheka naye. Alimpenda bwana huyu, uvivu wake na yote. Siku akijua kwamba Fyandolo ni yeye mwenyewe, je?

Siku hiyo ililetwa na cherehani kubwa ya kiwandani, chuma kitupu, ya kupandishwa ghorofani. Kona nne, watu wanne: fundi, mumewe, jirani, na kaka yake fundi, aliyeitwa Kipara. Walipofika ngazi ya sita, mume akaguna.

"Polepole, mgongo wa mtu huu!"

Kipara akaangua kicheko. "Shemeji, Fyandolo umemuiga mpaka pumzi!"

"Nimuige nani? Mimi nasema hivi tangu harusi yetu, mwaka wa kumi na moja sasa..." Akamtazama mkewe. Fundi akaangalia viatu vyake.

"Nyie shukeni," mume akawaambia wale wawili. "Tutabeba sisi."

Akaenda chini, kwenye uzito. Jasho lilimtiririka, mshipa wa shingo ukamsimama, lakini hakuguna hata kidogo. Huko juu fundi alishika chuma kilichokuwa chepesi kama sinia tupu. Miaka kumi na moja aliisubiri siku ya mumewe kuinua kweli, na sasa ilimuuma kuliko sindano kidoleni.

Zilipobaki ngazi tatu, fundi akavuta pumzi na kupiga kelele jengo zima likasikia: "Polepole, mgongo wa mtu huu!"

Mume akainua uso. Midomo ikamcheza, mwanamume wa watu akijikaza asicheke.

"Inua, Fyandolo wee," akasema.