Hisa za Yai Lisilotagwa

Siku mkwe wangu alipotuletea picha ya mlima, mume wangu alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya mkono. Hakuutia tena siku ile.

Mkwe ni fundi simu, kijana wa adabu zake, na uongo hauwezi. Alitandaza karatasi juu ya meza ya kukatia nguo. Kampuni ya dhahabu inauza hisa, akasema, na bei bado ya kutupa. Pichani palikuwa na mlima, na mbele yake bwana mmoja mwenye kofia ngumu anacheka.

"Dhahabu yenyewe iko wapi hapa?" nikauliza.

"Iko chini, mama. Wametoboa mashimo, wameona dalili."

"Wameanza kuitoa?"

"Bado. Ndiyo maana ni rahisi. Mama, sikufichi. Inaweza kupanda mara kumi, inaweza pia kufa kabisa, tukabaki na karatasi."

Mume wangu alisikia mara kumi, basi. Yaliyofuata hayakumwingia. Akaigeukia cherehani yangu, ile ninayoshonea sare za shule, akaitazama kama mtu anayekadiria mbuzi mnadani.

"Hii inakaa tu," akasema.

"Leo Jumapili, mzee. Hata yako inakaa."

Nilimjua. Nikibisha, ataiuza kwa ukaidi. Nikaona bora nimtegee kitendawili.

"Kinauzwa hakijaonekana, kinapanda bei hakijazaliwa."

"Kivuli," akajibu. Tangu anioe, kitendawili chochote nitakachotega, jibu lake ni kivuli.

Nikawapeleka uani. Nilikuwa na kuku niliyeuziwa na mchuuzi kuwa ni tembe, karibu ataanza kutaga. Tulimwita Bibi Harusi kwa ule mwendo wake wa kunyanyua miguu kama anaogopa kuchafua viatu.

"Tujaribu hapa nyumbani kwanza," nikasema. "Nauza hisa za mayai yake. Hisa moja, zamu moja ya kuosha vyombo. Cherehani yangu isiguswe mpaka tuone yai la kwanza."

Wakacheka, wakanunua. Mume wangu, ambaye sufuria aliijua kwa juu tu, akachukua zamu za wiki nzima.

Basi Bibi Harusi akaanza kupendeza. Kilemba kikawa chekundu, mkia ukajikunja, na mkwe akawa anapita kila jioni kumkagua. "Dalili nzuri, mama," ananiambia, amechuchumaa kama daktari. Mume wangu akiziona dalili anaongeza hisa. Habari zikaruka ua, jirani yetu fundi viatu naye akataka. Mkwe akamuuzia zake zote kwa zamu mbili-mbili, akaondoka anapiga mluzi. Fundi viatu alifurahi kuliko muuzaji.

Mimi mwenyewe, niliyeanzisha mzaha, nikatia nyasi kwenye kapu langu zuri, nikalisogeza karibu na banda. Mume wangu alipotaka hisa nyingine nikamwambia zilizobaki siuzi.

Alfajiri moja tukasikia sauti bandani. Ndefu, ya kujiamini, imetoka kifuani.

Mume wangu akakaa kitandani. "Amekohoa," akasema.

Sauti ikarudia.

"Ana kikohozi kibaya, maskini."

"Mzee, huyo ni jogoo."

Tulipotoka, fundi viatu alikuwa ameshaegemea ua, shuka begani. "Naona mali yangu imekuja kuniamsha," akasema. Bibi Harusi alikuwa amesimama juu ya kapu langu, shingo juu, hana habari na mtu.

Mkwe alipofika na kuambiwa, alikuna kichwa. "Lakini dalili zilikuwepo."

"Zilikuwepo, mwanangu. Kilemba si kile pale?"

Mume wangu aliingia ndani, na nilipomfuata nikamkuta kwenye cherehani yangu. Nikadhani anatafuta inapofunguka. Kumbe alikuwa anaitia mafuta.

"Siku ambayo si Jumapili," akasema bila kugeuka, "hii haikai."

Mkwe hakuiacha dhahabu yake. Alinunua kidogo, kwa pesa aliyoweka ya viatu vipya. "Ikipanda, vizuri. Ikifa, nitaendelea na hivi hivi," akasema, akaonyesha soli iliyoachama. Fundi viatu akaitazama soli ile, akamwambia aje tu, watafidiana kwa sehemu ya zamu zile mbili-mbili.

Jioni ile mume wangu na fundi viatu walisimama kwenye karai, mikono ndani ya povu mpaka viwiko, kila mmoja akimwachia mwenzake sufuria iliyoungua. Nikavuta kigoda.

"Tulilinunua wote, tukaliuza wote, hakuna aliyeliona."

Fundi viatu akafungua mdomo. Mume wangu akamzuia kwa mkono wa povu.

"Yai," akasema.

Amepatia. Nilimpa taulo ajifute, nikamalizia sufuria mwenyewe.