Pua ya Shangazi

"Usijikune hata kidogo," daktari alimwonya, na Shangazi akakaza vidole pajani. Kiwanda kizima cha mikate kilimwita hivyo, ingawa shangazi wa kweli alikuwa wa mtu mmoja tu: msimamizi wa tanuri, binti wa kaka yake.

Mkononi pake palikuwa na matone manne ya kupimia mzio, kila moja limedungwa sindano kidogo tu. La vumbi la nyumba, kimya. La paka, kimya. La ukungu, kimya. La unga wa ngano likaanza kuumuka mbele ya macho yake, jekundu, hadi likawa pana kama kifungo cha koti.

"Ebo! Unga? Miaka ishirini na mitano nalala nao, naamka nao!"

"Ndiyo maana, mama. Mwili umeuchoka, sasa unauona adui. Na hiki unachokiona hapa ndicho kinachotokea kifuani. Mirija ya hewa inavimba, inajibana. Ikishazoea kukasirika hivyo, hata moshi kidogo, hata kicheko, kinaishtua."

Kicheko! Wiki iliyopita alicheka utani wa wapakiaji mpaka akakosa pumzi. Shangazi aliukodolea macho mkono wake kwa mshangao mtupu. Kumbe humo ndani kuna walinzi wakali namna hii, wanaofunga milango yote kwa sababu ya chembe ya unga!

Halafu akaikumbuka pua yake. Kila asubuhi, kabla gunia halijamwagwa, alichota konzi, akazamisha pua, akavuta hadi mwisho. "Huu umekaa sana ghalani," alikuwa akisema, na hakukosea. Alipoanza kukohoa, binti wa kaka yake alifunga madirisha yote ili baridi isimwingie kifuani. Maskini, wakajifungia pamoja na unga!

"Niache kazi?" aliuliza kwa hofu.

"Acha kunusa kwanza. Vaa barakoa, fungua madirisha, vuta dawa hii. Mwezi ujao tutapima tena, ndipo tujue."

Kesho yake kiwandani madirisha yalikuwa wazi, na Shangazi alikuwa na barakoa usoni. Binti alifungua gunia na, kwa mazoea, akampelekea konzi. Wakatazamana.

"Basi ninuse mimi," binti alisema. "Ingawa pua yangu, Shangazi, ni pambo tu."

Akainamisha uso. Shangazi akaudaka mkono wake hewani.

"Wee! Sivyo! Lowesha kwanza. Ukilowa hauruki."

Binti akadondosha maji, akakanda kidonge kidogo, akakinusa taratibu, macho yamefumbwa.

"Una harufu ya... gunia lililonyeshewa."

"Uweke kando," alisema Shangazi. Hakuwa ameunusa, ila alimwamini.

Jua liliingia dirishani. Ndani ya mwanga huo unga ulipanda, mwingi ajabu, na miaka yote hiyo hakuwahi kuuona. Akapapasa pale mkononi palipovimba jana, sasa laini, akautazama unga ukitoka nje.