Mama wa Karatasi Nyekundu

Mimi subira sina, na Kasulu nzima inajua. Mteja akisimama dukani kwangu akaanza kubonyeza karanga moja moja utadhani anachagua mchumba, namwambia, "Ndugu yangu, nunua au wapishe wenzako." Asubuhi ile ilikuwa siku ya gulio. Watu walijaa hadi barazani, huyu anataka karanga, yule bizari, mwingine chumvi ya kupima, na wote wana haraka. Sikutazama nafungia kwenye nini.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, sisi wa maduka madogo tunafungia kwenye karatasi. Mimi nanunua kaki ya mifuko ya saruji, ile ya ndani iliyo safi, imeshakung'utwa na kukatwa, naiweka chini ya meza. Mkono unachana, unasokota, unajaza, unakunja juu. Macho yanabaki kwa wateja, maana ukiyainamisha tu, mtu kashaondoka na sabuni. Ni mazoea ya miaka kadhaa. Kwa mazoea hayo hayo nilikichana kitabu cha mwanangu.

Aliyenishtua ni Mwalimu Obedi. Ni Mnyakyusa, serikali ilimleta huku kutoka Mbeya, na ndiye aliyekuwa akimfundisha Firdausi wangu darasa la tano. Alikuwa ameshaondoka na karanga zake, mara nikamwona amerudi, karanga kazimimina kwenye mfuko wa koti, karatasi kaikunjua mikononi.

"Mama Firdausi, samahani. Hii umeitoa wapi?"

Nilikuwa karibu kumjibu vibaya. Kisha nikaona. Juu ya ile kaki palikuwa pamebandikwa mto, umetengenezwa kwa vipande vyembamba vya ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Ukingoni walisimama watu wawili: mtoto wa karatasi ya bluu, na mwanamke mrefu wa karatasi nyekundu aliyemshika mkono.

Niliinama chini ya meza. Mkononi likaja jalada la gome la mgomba na kurasa kumi na tatu tu. Zilikuwa thelathini.

Ngoja nieleze vizuri. Kabla ya likizo ya Juni, Mwalimu Obedi aliwaambia watoto hataki insha za "nilikwenda, nilikula, nilirudi". Kila mtoto atengeneze kitabu kwa mikono yake, ukurasa mmoja kwa kila siku ya likizo, kwa vitu vya kuokota, bila kuandika neno hata moja. Firdausi alikwenda Kibondo kwa dada yangu Shamsia, ambaye alikuwa anapiga plasta nyumba yake, basi mifuko ya saruji ilikuwa tele. Gundi ilikuwa uji wa unga wa muhogo. Bluu ilitoka kwenye pakiti za chumvi, nyekundu kwenye pakiti za majani ya chai. Siku ya thelathini nilimfuata nikamleta nyumbani. Baada ya siku tisa malaria ikamchukua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kitabu chake sikukifungua, sikuweza. Nilikitia kwenye boksi pamoja na sare zake. Arobaini ilipofika, mume wangu Badru alihamisha maboksi ya chumbani ili watu wa hitima wapate pa kukaa, na boksi lile likaja kusukumwa chini ya meza ya duka. Likapasuka, kitabu kikalala kifudifudi juu ya kaki zangu. Nikakianzia nyuma. Nikachana kurasa kumi na saba, nikazijaza karanga, nikawauzia watu. Mama gani huyo? Hebu niambieni, mama gani?

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Nilifukuza wateja, nikafunga duka saa nne asubuhi siku ya gulio, jambo ambalo watu hapa bado wanalisimulia, nikaingia sokoni napiga kelele kama mnadi wa mitumba. "Nani kanunua karanga kwangu? Nipe karatasi! Karanga kula, karatasi nipe!" Wapo waliocheka. Wapo walioyajua yaliyonifika, wakamimina karanga zao kwenye leso wakanipa karatasi bila kuuliza kitu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nazo saba, zina mafuta na chumvi.

Zilizobaki zilikuja zenyewe siku hadi siku, moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja Mkongomani anayeitwa Ange, anakuja kuuza vitenge kutoka kambini Nyarugusu, alinirudishia yake Alhamisi. Alikuwa ameiweka ndani ya daftari isipate mkunjo.

"Mama, iko mutu ndani ya karatasi yako," aliniambia kwa Kiswahili chao cha kule. "Miye siwezi tupa mutu."

Mimi na Badru tulizipanga kitandani kwa kufuata siku, maana kila ukurasa aliutia pembeni vitone vya siku yake. Siku ya pili, jiko la mafiga. Siku ya tano, watu wanapura maharage kwa fimbo, na ganda halisi la haragwe limegandishwa pale. Siku ya kumi na moja, mbuzi wa Shamsia kala kanga iliyoanikwa. Nilicheka kwenye ile ya mbuzi, kisha nikazirudia zote tangu ya kwanza. Maana katika kila ukurasa, kila mmoja, yule mwanamke mwekundu alikuwepo. Anapuliza moto. Anapura maharage. Anamkimbiza mbuzi. Kichwani ana mtandio wenye ukingo wa dhahabu, na mtandio wenye ukingo wa dhahabu ni wangu, wa Iddi.

"Ni wewe," alisema Badru.

"Najua ni mimi, sina macho?" nilimfokea. "Lakini mimi sikuwepo!"

Sikuwepo. Juni yote sikukanyaga Kibondo mpaka siku ile ya mwisho. Alikuwa akinipigia kwa simu ya Shamsia: "Mama, unakuja lini?" Ijumaa, mwanangu. Ijumaa ikafika, msimu wa maharage umepamba moto, magunia yanaingia, nani wa kumwachia duka? Ijumaa ijayo, mwanangu. Nilimwahidi Ijumaa nne. Jumatano moja aliniambia kichwa kinamuuma. Nikamwambia amwombe mama mkubwa dawa ya maumivu, vumilia, msimu haunisubiri. Hayo nilimtamkia kwa mdomo huu huu.

Kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja tu, na hata kumuuliza Mungu niliogopa: mwanangu alikufa na kinyongo nami? Nilijiambia jibu liko kwenye kitabu, na ukurasa uliokuwa haujarudi ulikuwa mmoja, wa thelathini, wa siku niliyomfuata.

Basi ndipo nikaanza kusikia mkasi. Si usiku, usiku nilikuwa nalala kama gogo kwa uchovu. Ilikuwa adhuhuri, duka likiwa kimya, watu wamekwenda kula: krr, krr, krr, chini ya meza, mkasi butu unakata karatasi ngumu. Nikiinama, kimya. Nikiinuka, unaanza. Badru hakuusikia hata mara moja. Alileta shehe akasoma, na shehe akiwa anasoma mimi nausikia.

Watu walidhani namwogopa Firdausi. Mwanangu nitamwogopaje? Angetokea hata nusu ningemkumbatia nusu hiyo. Niliyemwogopa ni yule mwekundu. Yeye alikwenda nilikoshindwa kwenda, akashika mkono ambao sikuushika, na mwanangu alizoea kuwa naye. Wakati mwingine nikipita mbele ya kioo cha kabati najiuliza yule wa kweli ni yupi.

Wiki ya tatu ikapigwa simu. Alikuwa Kipriani, mnunuzi wa maharage wa Kibondo, mteja wangu wa kwanza asubuhi ile ya gulio, kabla hajapanda gari.

"Nimesikia unatafuta karatasi. Yako ninayo mimi, nilifungua karanga njiani. Ina basi, na mtoto yuko dirishani. Lakini mbovu kidogo, dirisha la pili lina tundu."

"Usiitupe, nakuja kesho."

"Na pole sana, mama. Mwanao alikuwa na adabu. Juni nilipita kwa dada yako kutazama maharage, nikawa naongea kwa sauti, akaniwekea kidole mdomoni. Akasema, 'Taratibu, mama yangu yuko ndani, kalala.' Ningejua ndiyo mara ya mwisho, ningekungoja uamke tusalimiane."

Nikakaa juu ya gunia la chumvi.

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi. Kipriani alinipa karatasi stendi ya Kibondo, nikaikunjua pale pale, watu wananipita na mabegi. Basi lilikuwa zuri, limekatwa kwa pakiti ya sabuni, magurudumu ni vizibo vya soda vilivyopondwa. Dirisha la kwanza, mtoto wa bluu. Dirisha la pili hakuna mtu. Palikuwa na tundu la duara, kubwa, kingo zake zimekatwa taratibu kabisa. Haikuwa mbovu, ilikatwa kwa makusudi.

Siku ishirini na tisa nilikuwepo, ya thelathini kanitoa. Nilijisemea: ndilo jibu hilo, Zaitun. Ulitaka kujua, umejua.

Dada Shamsia alinikuta nimesimama uani kwake. Shamsia hanizidi subira, tumezaliwa tumbo moja. Hakunisalimia, alinishika bega akaniketisha kwenye kigoda.

"Umekonda kama ufito. Umekula?"

"Dada, alinikata," nilimwambia, nikamsukumia karatasi. "Tazama. Kanikata kwa hasira, kanitupa. Kwa nini hukuniambia alikuwa ananichukia?"

Aliigeuza akaitazama pande zote mbili. Mtoto wa jirani alipita akatuamkia kwa Kiha, "Mwakeye," Shamsia akamwashiria apite.

"Nikwambie ukweli au nikubembeleze?"

"Ukweli."

"Alikukatia mwanamke wa siku hiyo kama kawaida. Ilikuwa jioni ya kuamkia siku uliyomfuata, yuko hapo ulipokaa wewe. Akamaliza, akamtazama, akamtia motoni."

Nilijiinamia.

"Hujasikia mwisho, nawe kwa pupa!" Shamsia alinipiga kofi gotini. "Nilimgombeza, nikamwambia mbona unamchoma mama? Akacheka. Akasema, 'Mama mkubwa, huyu alikuwa wa kushikiza tu. Kesho anakuja mwenyewe.' Alikuwa hatulii, Zaitun, mara kakaa mara kasimama. Akachukua mkasi wangu ule butu akaanza kutoboa dirisha. Nikamuuliza, tundu la nini? Akasema, la uso wa mama. Nikipanda basi nitampa aweke uso, ukurasa utakuwa umekwisha."

Hapo nikakumbuka.

Ndani ya basi, tumetoka Kibondo hata nusu saa haijafika. Mimi nina simu sikioni, nagombana na mtu wa magunia. Akanivuta mkono wa gauni. Nikautoa. Akanivuta tena, kashika kipande cha kaki kinanuka uji wa muhogo, kakiinua mbele ya uso wangu. "Mama, weka uso hapa." Nami nikamwambia, na naliandika kama nilivyolisema, "Hebu niondolee upuuzi wako, utanichafua mtandio."

Hakununa. Laiti angenuna ningemwona. Alikirudisha kitabuni polepole kisipinde, akaniegemea begani, mwili wake una joto nikadhani ni la jua, akasema, "Haya mama. Tutafanya nyumbani."

Nyumbani alikaa siku tisa. Sikumuuliza.

"Kwa hiyo hakuwa na kinyongo," Shamsia alisema. "Nenda kalale, mdogo wangu, moyo utulie."

Dada yangu alidhani kanipa dawa. Kinyongo ningekimudu, ningemwomba radhi kaburini kila Ijumaa mpaka nife. Lakini mtoto aliyenisubiri kwa furaha namwombaje radhi?

Niliichukua ile karatasi. Shamsia alifahamu ninachotaka kufanya, akasema, "Zaitun, usijitese," lakini nilikwisha kuiinua kwa mikono miwili nikaweka uso wangu kwenye tundu. Linanienea sawasawa, alinipima kwa macho tu na hakukosea. Nikabaki hivyo, mbele yangu ukuta wa plasta mpya. Nikageuza macho kulia, nikageuza kushoto. Ukiweka uso kwenye tundu lile, mtoto wa bluu yuko pembeni yako kabisa, lakini wewe humwoni.